Kidole cha Fundi

Semina ilikuwa ya maadili. Hebu lishike hilo kwanza, maana ukilisahau utadhani haya ni masihara. Manesi wote ambao leseni zao zilikaribia kuisha waliitwa kwenye ukumbi wa hospitali kwa siku mbili, wakafundishwe upya kumheshimu mgonjwa, kisha wapewe cheti. Bila cheti hakuna leseni, na bila leseni, hiyo sare yako kaifanye tambara la kudekia.

Nesi wa wodi ya wanawake alikaa safu ya pili, kalamu mkononi, hana hili wala lile. Aliyefundisha alikuwa metroni mwenyewe, mkuu wao wa kazi.

"Asubuhi hii tunaanza na siri ya mgonjwa," metroni alisema, akabonyeza kompyuta. Picha ikajaa ukuta mzima.

Lahaula! Kifua cha mwanamke mtu mzima, kiko wazi, na titi la kushoto limeliwa na kidonda. Machoni wamempitishia ukanda mweusi, eti ndiyo kumsitiri. Lakini mkono ulioshika shuka ulionekana wote, pamoja na kidole cha shahada kilichopinda nchani. Sindano ya cherehani ilikipitia zamani, kikapona upande.

Nani ukumbini asiyekijua kidole kile? Sare zote zilizokalia viti vile kilizishona chenyewe. Hakuna kiuno mle ambacho hakijazungushiwa futi na kidole kile.

"Hee! Si Bi Cherehani yule?" mmoja wa nyuma alinong'ona, na manesi wakinong'ona, hata aliye nje anasikia. Mwingine akacheka. Mwingine akasema, "Kumbe ndiyo maana siku hizi anachelewesha nguo za watu."

Nesi alihisi damu inampanda kichwani. Bi Cherehani alikuwa mama mkwe wake.

Kidonda kile mama mkwe alikificha hata kwa mwanawe wa kumzaa. Alimfunulia mkaza mwana wake peke yake, chumbani, mlango umekomewa, uso kaugeuzia ukutani kwa aibu. Nesi ndiye aliyemsihi aende hospitali.

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na asiyeyaficha huumbuliwa na nani?" mama mkwe alimjibu, maana ulimi wake nao ni mkasi. "Nyinyi manesi mna midomo."

Nesi akaapa kwamba hakuna atakayejua. Huko hospitali, metroni alikuja na simu kukipiga picha kidonda, akasema ni ya kumwonyesha daktari bingwa, apange dawa. Nesi akamhakikishia mama mkwe: ataiona daktari tu, hakuna mwingine. Bibi wa watu akakubali. Dawa akaanza, na zilikuwa zimemkubali, kidonda kinaanza kukauka. Sasa akisikia haya, atarudi tena hospitali ile? Na asiporudi, ni kaburi.

Nesi aliinuka bila kuomba ruhusa, akaenda kusimama mbele ya ukuta. Picha ikamwangukia mwilini, kidonda kikatua juu ya sare yake nyeupe.

"Metroni, mwenye kifua hiki aliruhusu?"

"Kaa chini, sista. Macho si tumeyafunika?"

"Kwani alikuja kutibiwa macho?"

"Hii ni kwa ajili ya kujifunza."

"Kujifunza nini? Kumwanika mtu? Mada ni siri, na siri yenyewe mmeitundika kama nguo za mtumba!"

"Usiporudi kwenye kiti chako, cheti hupati."

"Basi kaa nacho," nesi alisema, akachomoa waya. Ukuta ukabaki mtupu. Akatoka.

Njiani shetani alimshauri vizuri tu: nyamaza, mwache amalize dawa kwanza. Lakini kiapo alikila yeye, si metroni. Na jinsi midomo ile ilivyokuwa inawasha, mtaa ungejua kabla ya jioni.

Alimkuta mama mkwe kwenye cherehani, anapinda upindo. Akamweleza yote, hakubakiza kitu. Mguu wa mama mkwe ukaacha kukanyaga.

"Jina langu walilitaja?"

"Walikitambua kidole, mama. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuapia."

Mama mkwe alikitazama kidole chake.

"Na hao waliocheka, walivaa nini?"

"Sare, mama."

"Sare zangu!" Akaivua futi shingoni, akaitupa juu ya meza. "Vifua vyao wote nimevipima mimi. Yumo anayejaza vitambaa. Yumo aliyekuja na alama za kipigo, akaniomba nimwinulie kola. Umewahi kunisikia nikimtaja hata mmoja? Mimi nina cheti?"

Nesi alikuwa analia kwa hasira. "Dawa, mama. Nakuomba usiache dawa kwa sababu yao."

"Niziache nife, wapate na picha ya maiti? Mjinga mimi?" Akakata uzi kwa meno. "Semina yao kesho ipo?"

"Ipo. Ila mimi nimeambiwa cheti sipati."

"Utaingia na mimi. Kifua wamekitazama bila ruhusa yangu, kesho watanitazama usoni. Na huyo metroni atanieleza mbele yao hao hao, ruhusa ya kuwaonyesha picha yangu nilimpa lini."

Nesi akafuta machozi, akasimama aende jikoni. Mama mkwe akamshika mkono kwa kidole kile kile kilichopinda.

"Mwite mumeo kwanza," alisema. "Habari za titi alilonyonya, mwanangu hatazisikia kwa watu wa semina."