Kibandiko cha Taa ya Saba

"Babu Taa, njoo uwaone watoto wangu!" Daktari wa fizikia alimwita fundi wa vioo, akamwonyesha skrini. Mistari mitatu myembamba ya mwanga, mipya kabisa, haimo katika jedwali lolote la metali. "Kesho naituma makala."

Babu Taa akatazama. Mistari ile ilitoka kwenye taa ya saba.

Miaka thelathini amepuliza vioo vya taa hizi: ndani metali nzito, na gesi kidogo ya kuiwasha. Kila metali, na kila gesi, ikiwaka hutoa mistari yake, haiazimi ya jirani. Nyota mbili mfu ziligongana huko mbali, mwanga wake ukafika, na watu wanataka kujua ni metali zipi zilizaliwa katika ajali ile. Hawawezi kujua bila taa za kulinganishia. Na taa ya saba, jamani, ilikuwa na uongo.

Kibandiko chake kilisema gesi ni agoni. Kumbe agoni iliishia njiani, naye, kwa uvivu wa Ijumaa, akamalizia na gesi nyingine, kriptoni. Nitaandika Jumatatu, alisema. Jumatatu ikapita zake. Daktari akaondoa mistari ya agoni, akadhani yote iliyobaki ni ya metali.

Angenyamaza, nani angejua? Wiki moja tu astaafu. Lakini binti huyu ameihangaikia mistari hii miaka minne. Aje kuumbuliwa na wageni? Heri aibu ya leo.

"Mwanangu, kibandiko kile kimekudanganya. Na aliyekiandika ni mimi." Akaeleza yote.

"Babu! Wewe, unayenigombeza nisipofuta meza?"

"Mimi huyuhuyu. Nikasirikie, ila nipe mpaka jioni."

Akawasha moto. Kioo kilipolainika, mikono ikakumbuka kazi yake. Metali ileile, agoni tupu.

Jioni wakaiwasha taa mpya. Mstari wa kwanza, haupo. Wa pili, haupo. Daktari akafumba macho.

"Tazama wewe, Babu. Mimi siwezi."

Babu Taa akapandisha miwani. "Wa tatu upo, binti yangu. Upo palepale, ni wa metali yenyewe."

"Usinitanie!"

"Nimeshadanganya mara moja, inatosha."

Daktari akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akampa kalamu. Babu Taa akasubiri kioo kipoe, akakata kibandiko kipya, na herufi mojamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza, akaandika: agoni.