Kigari cha Kukodi

Ndoa nyingi hutikiswa na wakwe, nyingine na pombe. Ya dada yangu Bernadette na mume wake Dale ilitikiswa wiki nzima na kigari cha mtoto. Wala si kukinunua. Kigari walikuwa nacho, cha buluu, kimepauka, kina gurudumu moja linalolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ubishi ulikuwa huu: safari ya Florida imekaribia, je, wakibebe kigari chao kwenye ndege, au wakifika wakodi kimoja huko huko?

Tulikuwa tunakwenda Orlando, kwenye bustani ya michezo iitwayo Bandari ya Kasa. Sisi watu wa Ohio tukishastahimili theluji miezi yote ile, Julai huwa tunapanda ndege kwenda kuungua na jua kwa hiari yetu, tena kwa kulipia. Mimi nilialikwa kama mkono wa ziada. Shangazi asiye na mume wala mtoto huwa hana udhuru.

"Vya kukodi ni plastiki tupu," Bernadette alisema, tukiwa mezani jikoni kwake. "Vigumu kama benchi la kanisa. Na vyote pacha. Nitakijuaje cha mwanangu?"

"Utachungulia ndani," Dale akamjibu. "Ukikuta sura yako ukiwa umenuna, ndiye huyo."

"Dale, sicheki."

"Hata mimi sicheki, mke wangu. Chetu kikiingia tumboni mwa ndege hakitoki kizima. Muulize jirani yetu Phyllis. Chake kilirudi vipande viwili."

"Angalau vilirudi vyote."

"Ahaa! Basi tuletewe vipande, tumpakie mtoto nusu nusu." Akanigeukia. "Shemeji, amua wewe. Huna mtoto, huna upande."

"Mpakieni kwenye toroli la bustani," nikasema. "Lile lenye kutu nyuma ya banda. Nani ataiba toroli?"

Dale alicheka. Bernadette aliweka uma wake mezani taratibu, akainuka, akaenda chumbani kumwangalia binti yao Wanda ambaye alikuwa amelala, hana tatizo lolote. Dale akanitazama kama kusema, shemeji, neno gani hilo umelitoa.

Ni kwamba Wanda alikuja baada ya mimba mbili kuharibika. Alikuwa na miaka miwili na ushee wakati ule, mnene, mweupe, na nywele kama uzi wa mahindi, lakini mama yake bado alikuwa akiweka kiganja mbele ya pua yake kuhakikisha anapumua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dada yangu yeye aliishi katikati ya shamba la unyasi. Duka lilikuwa na watu wanaoiba watoto, bwawa lilikuwa linawangoja, hata zabibu isiyokatwa vipande vinne ilikuwa na nia mbaya. Kigari kile cha buluu kilikuwa sehemu ya ulinzi wake. Alikijua kwa mlio wake hata akiwa amefumba macho.

Mwishowe alikubali cha kukodi, kwa sababu alichoka kubishana, na kwa sharti kwamba atafunga utepe mwekundu kwenye mpini.

Kwenye geti la bustani vigari vilikuwa vimepangwa kama mayai kwenye trei, vyote vya kijani, vyote vina kifuniko chenye umbo la gamba la kasa. Bernadette alifunga utepe wake fundo tatu. Alipoinua kichwa, akaona familia ya mbele yetu ina utepe mwekundu. Ya nyuma pia.

"Tazama," Dale akamwambia, "umeanzisha mtindo."

Bernadette aliongeza fundo la nne.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Wanda alipiga kelele kwa furaha, akala viazi vya kukaanga, akavua viatu vyake na kuvitupa njiani mpaka mama yake akavitia mkobani. Mchana joto lilimlaza chali. Sasa, kule vigari haviingii ndani ya majengo ya michezo. Kuna uwanja wao pembeni chini ya turubai, na wafanyakazi kazi yao ni kuvisogeza na kuvipanga upya kutwa nzima, ili njia isizibe. Unakiacha hapa, unakikuta kule. Kila mtu amezoea, hakuna anayelalamika.

"Nendeni nyie kwenye mashua," Dale alisema. "Mimi nakaa hapa na binti yangu kivulini. Bernie, nenda. Hata askari wa zamu hupumzika."

"Usitoe mkono kwenye mpini."

"Nitaugandisha kwa gundi."

Tukaenda. Mashua ile hupita gizani katikati ya maharamia wa plastiki, na dada yangu aliwatazama maharamia wale bila kuwaona. Tulipokuwa ndani tukasikia ngurumo, nikadhani ni sehemu ya mchezo. Haikuwa. Mbingu ya Florida mchana wa Julai haina adabu. Dakika hii inakuchoma, dakika ijayo inakumwagia ndoo. Mashua ikatutema dukani, kama ilivyo desturi yao, katikati ya vikombe na kofia za kasa. Nje mvua ilikuwa imeshakuwa ukuta. Vipaza sauti vilikuwa vikisema kila mtu aingie ndani, kuna radi, tafadhali kila mtu aingie ndani.

Watu walimiminika dukani wakiwa wamevaa makoti ya plastiki yanayouzwa mle mle, meupe, yenye picha ya kasa mgongoni. Na vigari vyao vyote vimefunikwa plastiki hizo hizo. Katikati yao akaja Dale, ameloa, anatabasamu, akisukuma kigari.

"Msiwe na wasiwasi!" alitupigia kelele kutoka mlangoni. "Mvua yote hii na yeye amelala kama gogo. Damu ya baba yake."

Bernadette alifunua plastiki.

Ndani kulikuwa na mfuko wa nepi, mamba wa kitambaa, na paja la bata mzinga lililoliwa nusu, limefungwa kwenye karatasi.

Nitasema ukweli, mimi mtu wa mzaha, sekunde ile akili yangu ilitafuta mzaha. Ilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Haikupata kitu.

"Dale," dada yangu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko..." Dale alitazama mamba. Akamshika, akamwinua, kana kwamba Wanda anaweza kuwa chini yake. "Utepe upo. Si huu utepe? Nilimfunika yeye kwanza, Bernie. Halafu nikavaa langu, kichwa kikanasa kwenye mkono, wale wafanyakazi wakawa wanasukuma vigari chini ya turubai, watu wanasukumana... Nilitoa mkono kidogo tu. Kidogo tu. Kilikuwa pale pale!"

Bernadette hakumpigia kelele. Ingekuwa heri ampigie. Aligeuka akaanza kufunua vigari vya watu mle dukani, kimoja baada ya kingine, na akina mama wakawa wanamvuta mkono: we dada vipi, we mwendawazimu, mwanangu amelala! Nikamfuata nyuma nikisema samahani, mtoto wetu amepotea, samahani. Neno hilo likawanyamazisha. Mmoja mmoja nikawaona wakiwashika wa kwao mikono.

Msichana wa dukani alikuja mbio na redio yake ya mkononi. Alikuwa mpole, na alikuwa amefunzwa kazi yake vizuri. Akauliza jina, umri, nywele. Kisha akauliza, "Amevaa viatu gani?"

"Viatu?" nikamwambia. "Amevaa gauni la njano, lina..."

"Nguo tutaandika pia, dada. Lakini viatu ndiyo muhimu zaidi." Alisita, akapunguza sauti, na ingekuwa bora asiseme. "Mtu akimchukua mtoto, humbadilisha nguo chooni. Viatu huwa wanasahau."

Bernadette aliingiza mkono mkobani. Akatoa ndala mbili ndogo za zambarau, akazishika mbele yake, akaziangalia.

"Hana viatu," alisema.

Kisha akatoka. Msichana akajaribu kumzuia mlangoni, dada, radi, hairuhusiwi, mageti tumeshayaarifu, subiri hapa, wenzangu wanatafuta. Ilikuwa sawa na kujaribu kuzuia ile mvua. Dale alitaka kumfuata nikamsukuma kifuani. "Wewe kaa hapa! Akiletwa hapa asikute hakuna mtu wake!" Alikaa. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amesimama kando ya kigari cha watu, amemkumbatia yule mamba.

Nje hapakuwa na mtu. Bustani nzima iliyokuwa imejaa binadamu muda mfupi uliopita ilikuwa imebaki maji tu, na muziki wa furaha bado unapigwa, maana hakuna aliyekumbuka kuuzima. Umeme ulipasuka juu ya minara ya ngome ya maharamia na radi ikafuata hapo hapo, bila hata kupumua. Nimepata kufukuzwa kazi, kufukuzwa nyumba, kuachwa kwa ujumbe wa simu. Nilidhani woga na mimi tumeshazoeana. Siku ile niligundua tulikuwa tunasalimiana tu.

"Twende getini!" nilimpigia kelele. "Bernie! Kama mtu amemchukua atatokea getini!"

"Nilimwacha pale," alisema, na akaendelea kukimbia kuelekea uwanja wa vigari.

Wafanyakazi walikuwa wameshaondoka. Chini ya turubai vigari vilijipanga safu kwa safu, vimefunikwa plastiki nyeupe, kama makaburi ya watoto. Samahani, lakini ndivyo vilivyoonekana, na najua yeye pia aliona hivyo. Akaanza kufunua. Mkoba. Taulo. Soda. Mwanasesere, na hapo alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mimi nikaanzia upande wa pili. Mkoba. Kitupu. Kitupu.

"Mama! Wewe mama! Unatafuta mtoto?"

Mwisho wa safu ya nyuma kabisa alisimama mzee mweusi, mrefu, fulana ya kanisa fulani la Alabama imemganda mwilini. Mbele yake palikuwa na kigari. Mikono yake miwili ilikuwa juu, viganja wazi, kama mtu aliyeonyeshwa bunduki.

"Sijamgusa," alisema. "Mama, sijamgusa. Yuko salama. Sijamgusa."

Bernadette alipita katikati ya vigari akiviangusha. Wanda alikuwa ndani, gauni la njano, vidole vya miguu vichafu, mdomo wazi. Dada yangu aliweka kiganja mbele ya pua yake. Akakiacha pale kwa muda mrefu. Halafu akakaa kwenye maji.

"Nilichukua kigari nikidhani ni chetu," mzee alinieleza, mikono bado juu. "Chetu kina mizigo tu, wajukuu wangu wanatembea. Nimefika karibu na geti nikasikia kitu kinakohoa chini ya plastiki. Mke wangu akaniambia, Horace, mpeleke ofisini. Nikamwambia, Lucille, mimi na ngozi hii nipite katikati ya watu wote hawa na mtoto huyu wa Kizungu? Nimrudishe pale pale. Mama yake atarudi pale pale."

"Shusha mikono, baba," nikamwambia.

"Nitashusha watu wenu wa ulinzi wakishafika na kuelewa."

Nimeishi nchi hii miaka yangu yote, na nilijua hakukosea hesabu. Mvua ilikuwa inapungua, na tayari vichwa vilikuwa vinachungulia kwenye milango.

Bernadette aliinuka akajaribu kufungua mkanda wa Wanda. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, vinateleza kwenye kifungo, vinarudi, vinateleza. Nikasogea.

"Hapana," akaniambia, maana mimi pia nilikuwa natetemeka kama yeye. Alimtazama yule mzee. Mwanamke huyu, ambaye kanisani hakuwahi kumwachia mtu ambebe mwanawe, alisema, "Nisaidie."

"Una hakika, mama?"

"Nisaidie, baba. Siwezi."

Alishusha mikono yake polepole sana. Alikuwa na vidole vikubwa, na kifungo kilifunguka mara moja. Wanda akafumbua macho, akaona uso wa mtu asiyemjua unamdondoshea maji, akapiga ukelele wa kuamsha wafu.

Bustani nzima ikageuka. Watu walikuwa wanatoka milangoni, simu mikononi. Mlinzi mmoja akaanza kukimbia kuja kwetu, kisha wa pili. Mzee Horace alirudi nyuma hatua moja na mikono ikapanda tena juu.

Bernadette alimweka Wanda begani kwa mkono mmoja, anapiga mateke, analia. Kwa mkono wa pili akamkamata mzee kifundo cha mkono, akaushusha, akaushika kwa nguvu mpaka vidole vyake vikawa vyeupe.

"Usisogee," alimwambia. "Wanakuja. Simama na mimi."

Nikaenda nikasimama upande wa pili wa mzee, nikaushusha mkono wake mwingine, nikaushika. Walinzi walikuwa bado mbali kidogo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwachia mwenzake.