Kioo cha Mama Wakesho

Binamu yangu Hudson alisoma shule ya misheni ya Bura mpaka akamaliza vitabu vyote walivyokuwa navyo, na hakuna hata kimoja kilichomfundisha kunyamaza. Mwaka wa 1954 aliacha ukarani katika shamba la mkonge akaja Voi na kamera ya mbao, kubwa kama mzinga wa nyuki, aliyopewa na padri mzee aliyekuwa akirudi kwao. Kamera hiyo haikutumia filamu. Ilitaka kioo. Kioo kinamwagiwa dawa nzito inayonuka kama hospitali, kinachovywa katika dawa nyingine gizani, kisha picha inapigwa na kuoshwa kabla hakijakauka. Wazungu wenyewe waliiacha kazi hiyo kabla babu yetu hajaoa. Hudson akaiita utaalamu.

Nisingemsogelea, lakini nilikuwa na shida. Mama yangu, Wakesho, alikuwa anakwisha kwa kifua, na hatukuwa na picha yake. Baba alizikwa bila picha, na leo sura yake siikumbuki. Mpiga picha alikuwepo karibu na stesheni, ila Mama alimkataa. Alisikia kwamba yule hubaki na filamu, na akipenda anauchapa uso wako tena na tena kuwapa watu usiowajua. Kioo alikikubali kwa sababu ni kimoja, na angeondoka nacho.

Basi nikamteremsha kutoka kwetu mlimani Mbololo. Hudson alikuwa ametundika mablanketi nyuma ya nyumba yake kufanya chumba cha giza. Akatoka humo amevaa tai, vidole vyeusi kama vya muuza makaa.

Kioo cha kwanza alikitayarisha vizuri, akakitia katika kisanduku chake, halafu akasimama nacho mkononi kuwaeleza majirani habari za madini ya fedha yaliyomo katika dawa, na za mwanga. Jua la Voi halisubiri hotuba. Kioo kilikauka, kikatoka madoa matupu. Akasema ni hali ya hewa. Nzioka, fundi viatu, akamuuliza kama ni hali ya hewa iliyokuwa ikiongea muda wote ule.

Cha pili kilishika. Niliona bega, niliona kitambaa cha kichwa. Hudson akakimwagia ndoo ya maji kama anaosha baiskeli, na picha yote ikabanduka, ikateleza chini kama utando wa maziwa. Na Mama alikuwa amekaa pale bila kutikisika, akikizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka.

"Hudson," nikamwambia, "mama yangu si debe la kujifunzia."

"Pole pole, binamu. Sanaa haitaki hasira."

Cha tatu kikakubali. Alipomimina dawa ya mwisho ukungu ukafunguka; akakilaza kioo juu ya kitambaa cheusi, na Mama akawa pale, na mikunjo yake yote. Picha ya namna hiyo haiguswi hata kwa kidole mpaka ikauke na kupakwa vanishi. Hudson alilijua hilo. Akamwekea Mama kioo mapajani kikiwa kibichi, akageuka kuwaambia majirani wajipange.

Mama alikuwa mtu wa usafi. Aliona kioo chenye maji na kitu kama majivu. Akachukua pembe ya leso yake akakifuta, kama anavyofuta chimni ya taa, ili ajione vizuri.

"Kina vumbi," akasema.

Nilipomfikia, nusu ya uso ilikuwa imekwenda, na mkono wake ulikuwa umeshapita kwenye paji. Akakiinua. Akaona magoti yake upande wa pili.

"Mbona sipo?"

Sasa ndipo Hudson akaanza kueleza habari za vanishi. Nilimwomba Mama akae mara moja tu tena. Akakohoa muda mrefu, akasema amechoka, nimrudishe nyumbani.

Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Hudson alikuja na tai ileile, akanishika mkono mbele ya watu, akaniambia nisivunjike moyo, kioo chenyewe hakikupasuka na kinaweza kutumika tena.