Turubai la King'ora

Walisema binti yangu alikiacha king'ora akaenda kusuka nywele. Nililisikia neno hilo bombani, siku ya tatu baada ya mafuriko, kwa mwanamke aliyenipa mgongo bila kujua kwamba niko nyuma yake na ndoo. "Ndiyo maana hakikulia mapema," alisema. "Watu kumi na tisa, kisa nywele." Mwenzake aliponiona akamkanyaga mguu. Nikakinga maji yangu, nikajitwika, nikaondoka. Lakini lile neno lilinifuata mpaka nyumbani kama kuku aliyeona mtama mkononi.

Lilinishika kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Siku ile kichwa cha binti yangu kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu, na mikono iliyosuka ni hii yangu. Asubuhi nilimkalisha chini mlangoni, nikamaliza upande wa kushoto. Akaja mteja na gauni linalombana. Nikamwambia mwanangu funga kitambaa uende kazini, jioni tutamalizia. Nikamtilia mkobani nywele za kusukia zilizobaki na wembe wa kukatia ncha, ili akitoka kazini apitie moja kwa moja kwenye cherehani yangu. Saa tisa mchana watu walimwona juu ya paa la ofisi ya maji, kitambaa kimedondoka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, anazungusha mpini wa king'ora. Waliookoka wakakumbuka nywele.

Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi hata mimi niliyemzaa nikaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho. Nikamuuliza, "Mwanangu, siku ile ulitoka ofisini hata kidogo?"

Alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini. "Mama, na wewe?"

Aibu niliyoipata hapo sijaimaliza. Naandika haya kwa mama yeyote mwenye mtoto aliyepata kakazi ofisini, asije akamuuliza mwanawe swali kama lile.

Kazi yake ilikuwa kusubiri simu. Huko milimani kuna mzee anayeangalia mti uliochorwa alama kwenye mto. Maji yakipita alama nyekundu, anapiga simu ofisini, na binti yangu anapanda juu kuzungusha king'ora. Kwetu jua linaweza kuwaka na nguo ziko kambani, kumbe mto unakuja na magogo. Ukisubiri kuona wingu umechelewa.

Sasa, mwaka mmoja kabla, king'ora kililia na maji yakaja ya kulowesha vifundo tu vya miguu. Bahati mbaya siku hiyo diwani alikuwa anafungua soko jipya, ana mgeni mkubwa. Viti vilipinduka, mgeni akakimbia na kiatu kimoja. Mji ulicheka mwezi mzima. Wiki ileile mkuu wa ofisi ya maji akaja dukani kwangu. Tunamwita Bwana Subiri, maana ukienda na shida yoyote ndilo jibu lake.

"Mama fundi," akasema, "nataka kifuniko cha turubai, kizibe king'ora chote. Kikaze. Mtu asiweze kukifungua kwa mikono."

Nikaenda na futi yangu mpaka juu ya paa nikapima. Nikatumia turubai zito la kijani, uzi wa nailoni, mshono wa mara mbili, na mdomo wenye matundu ya chuma ya kupitishia kufuli. Alipokuja kulichukua nilimwambia hata panya atakata tamaa. Akacheka, nami nikacheka. Nilijisikia fundi kweli. Sikumuuliza ufunguo utakaa kwa nani.

Ulikaa kwake.

Siku ya mafuriko, kama alivyonisimulia baada ya lile swali langu, simu ya mlimani ilipoingia alipanda ngazi mbili mbili. Akampigia Bwana Subiri, ambaye alikuwa kwenye kikao upande wa pili wa mji, aje na ufunguo au aruhusu kufuli livunjwe. Bwana Subiri akasema subiri nithibitishe. Akampigia tena, subiri. Mara ya tatu, subiri, tusije tukaaibika kama mwaka jana. Mwanangu akaweka simu chini akaanza kuvuta mshono kwa vidole. Mshono wangu. Akavuta kwa meno. Ndipo akakumbuka wembe ulioko mkobani, ule wa nywele, akapasua turubai pembeni mwa kufuli, akalivua. King'ora kilipolia, mtaa wa chini maji yalikuwa yamefika madirishani.

Alishuka na turubai begani, akaingia majini na wengine. Alirudi nyumbani jioni na mtoto mmoja wa Mama Mapacha, jirani yetu, kamviringisha ndani ya lile turubai kama kitumbua kwenye gazeti. Pacha wa pili hakuonekana mpaka kesho yake, na alipoonekana hakuwa hai. Turubai likabaki kwetu kwenye beseni, na kufuli lake limening'inia, bado limefungwa. Kwenye mshono kulikuwa na damu ya vidole. Nililifua mara mbili, damu haikutoka kwenye uzi.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na mchawi wake. Diwani alisema redioni kwamba mifereji ilizibwa na uongozi uliopita. Mpinzani wake, anayeutaka udiwani, akasema fedha za mifereji zimeliwa na waliopo. Wengine wakasema walaumiwe waliojenga bondeni, kama vile mtu hujenga bondeni kwa kupenda umande. Kinyozi wa mtaani kwetu akasema ni dhambi zetu, akaulizwa mbona zako hazikuzolewa. Walibishana wiki nzima, lakini kwenye jambo moja wakaafikiana bila kikao: yule msichana wa king'ora. Alikuwa hana chama, hana baba, na ana nywele nusu. Kondoo wa kafara hatafutwi mbali.

Ijumaa Bwana Subiri akaja dukani na karatasi. Akavuta kigoda akakaa karibu nami.

"Mama fundi, hili ni jambo dogo. Mstari mmoja tu. Kwamba alichelewa kwa uzembe wake. Akisaini, tunamhamisha kituo kingine, maneno yanakufa. Asiposaini, kesho kwenye mkutano wa mji atakabidhiwa polisi mbele za watu."

"Mbona unaniambia mimi?"

"Wewe ni mtu mzima. Mshauri mtoto."

Sitawadanganya, nilikuwa nimeshika kalamu. Niliona pingu kwenye mikono ile iliyojaa plasta. Nikamgeukia binti yangu aliyekuwa anatia vifungo, nikafungua mdomo nimwambie asaini yaishe.

"Mama," akaniwahi, "nikisaini, wale kumi na tisa watakuwa wangu mpaka nazeeka."

Bwana Subiri akasimama, akajikung'uta suruali. Alipofika mlangoni akageuka, sauti ya chini kama anayeuliza bei. "Na lile turubai, bila shaka lilizolewa na maji?"

Beseni lilikuwa nyuma ya cherehani, hatua mbili kutoka kwenye kiatu chake. Nikajiuliza, mtu mwenye kesi ya vifo kumi na tisa anauliza turubai la nini.

"Maji yalizoa vingi, bwana," nikasema.

Alipoondoka nikairarua ile karatasi vipande vya kufungia sindano.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Meza ya wakubwa ilikuwa na diwani, mpinzani wake, na Bwana Subiri katikati yao kama mchele kati ya mawe. Diwani akasema ajali haina kinga. Mpinzani akasema kinga ililiwa. Wakazomeana kwa heshima, mheshimiwa huku, mheshimiwa kule. Kisha Bwana Subiri akasimama, akafungua faili, akasoma: "King'ora kilikuwa wazi na tayari kwa matumizi muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kukitumia."

Watu wote wakageuka kumtazama mwanangu. Nilikuwa nimemmalizia kichwa alfajiri ileile, upande wa kulia, kwa makusudi. Alikaa shingo wima.

Nikanyanyuka na mfuko wangu.

"Mama, keti," diwani akasema. "Muda wa maswali utafika."

"Sina swali, mheshimiwa. Nina nguo ya mteja."

Mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba hapa si duka la cherehani. Nikamjibu kwamba suruali aliyovaa nimeipunguza mimi, anyamaze nisije nikasema kiuno. Watu wakacheka, na katika kicheko hicho nikafika mbele, nikalimwaga turubai juu ya meza. Kufuli likagonga mbao.

"Nimelishona mimi," nikasema. "Kwa oda ya huyu bwana. Aliniambia likaze, nikalikaza, na hiyo ni sehemu yangu, naibeba mbele yenu na mbele ya waliofiwa. Lakini ya kwangu ni mshono. Kufuli si langu, wala si la mwanangu."

Bwana Subiri akasema hilo ni turubai lolote tu, labda la kufunikia mahindi.

"Basi twende tukalivalishe tuone."

Diwani akasema mkutano haujafungwa, lakini watu walishaanza kutoka. Ofisi ya maji iko ng'ambo ya uwanja wa shule. Tukapanda paani tuliotosha, wengine wakabaki chini wakitazama juu. Nikalivika. Lilikaa kwenye king'ora kama soksi mguuni, mpaka kona niliyoiongezea kwa ajili ya mpini. Pale pembeni palibaki mpasuko wa wembe, na damu kwenye uzi.

Mama Mapacha alikuwa amepanda pia, nasi hatukujua. Tangu msiba alikuwa hajazungumza na mtu. Akaligusa turubai kwa kiganja. "Hili ndilo alilofungiwa mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia Bwana Subiri na kunyoosha kidole kwenye funguo zilizoning'inia kwenye mkanda wake. "Kaka, hebu jaribu hizo."

Bwana Subiri akaangalia chini, akaangalia watu, akasema, "Subiri."

Hakuna aliyecheka. Mama Mapacha akazichomoa funguo kwenye mkanda, naye hakuzuia. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikazunguka, kufuli likafunguka mkononi mwake. Alilishika muda mrefu.

Bwana Subiri amesimamishwa kazi. Diwani anasema hakujua chochote. Mpinzani wake alikuja dukani na mpiga picha ili tusimame pamoja na turubai, nikamwambia picha apige na mifereji. Mwanangu hajarudishiwa kazi wala hajakamatwa. Wanasema uchunguzi unaendelea. Wahenga walisema aliyevuliwa nguo huchutama. Sisi tulivuliwa, na hatukuchutama. Kufuli Mama Mapacha amekataa kulirudisha, na aliyetumwa kulidai hajarudi mara ya pili.

Basi, mama mwenzangu, mambo ya kuepuka ni haya:

Usishone, usijenge wala usifunge kitu cha kuokolea watu kabla hujauliza ufunguo unakaa kwa nani.

Usimwache mwanao apokee kazi ya hatari ambayo ruhusa yake iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Usisaini karatasi ya mstari mmoja. Mrefu husomwa, mfupi hufunga.

Usitupe kitu kilicholowa siku ya msiba, hata kama kinanuka.

Usifue damu kabla haijaonwa.

Usicheke king'ora kilicholia bure. Sisi tulicheka mwezi mzima.

Usimpe mwanasiasa picha ya msiba wako.

Usimuulize mwanao swali ulilolikuta bombani.