Kati ya Milango Miwili

Wietske alikuwa ameshaachana na mumewe, Hidde, lakini mjini Nijmegen, Uholanzi, nyumba zimeadimika, kwa hiyo waliendelea kuishi nyumba moja, yeye juu, Hidde chini, na kufanya kazi kiwanda kimoja cha chipu za kompyuta. Mchana ule wakakwama pamoja kwenye kijichumba cha kuingilia karakana, katikati ya milango miwili, wamevaa ovaroli nyeupe za kuzuia vumbi. Mlango wa ndani haukufunguka. Wa nje nao ukagoma.

"Hata hapa," alisema Hidde. "Talaka gani hii."

"Usinichokoze. Ita fundi."

"Nimeita. Kaenda kula."

Jasho lilianza kumtoka Hidde. Tangu utotoni aliogopa sehemu finyu. Wietske alilijua hilo, akachukia kwamba bado analijua.

"Nipe kadi yako ya mlango. Yangu iko ndani ya ovaroli." Wietske akabandua kwa ncha ya kadi ile kifuniko cha kisanduku ukutani.

"Unatafuta nini?"

"Kwa kila mlango kuna transista mbili zilizofuatana, yaani swichi ndogo za umeme," alisema, ili kumsahaulisha hofu. "Umeme wa kufungua kufuli lazima upite ya kwanza, kisha ya pili. Kila moja inazuia mpaka ipewe volti kwenye mguu wake wa amri. Ya kwanza inapewa na kitufe ukiwa humu, au na kadi ukiwa nje. Ya pili inapewa na kihisi, kikiona mlango wa upande wa pili umefungwa."

"Si imefungwa yote?"

"Imefungwa. Ila waya unaolisha vihisi umechomoka, transista ya pili haina habari. Umeme unaishia hapo."

Aliushindilia waya kwa kidole. Ukawa haushiki bila mkono.

"Bonyeza kitufe cha mlango wa nje."

Hidde alibonyeza. Kufuli likalia, mlango ukaachia, naye akatoka mbio bila kugeuka. Mlango ukajirudisha, ukafunga.

Wietske akabaki na kidole kwenye waya. Kitufe kilikuwa mbali na mkono wake.

Baada ya kitambo uso wa Hidde ukatokea kwenye kioo cha mlango, umepauka.

"Sikufikiri," alisema kutoka nje.

"Najua."

"Nikufungulie vipi? Kadi yangu unayo wewe."

"Kamtafute fundi."

Alikwenda. Wietske aliuachia waya, akakaa sakafuni, akashangaa jinsi kijichumba kilivyotulia bila Hidde. Fundi alipofika kumfungulia, Wietske alikuwa karibu kusinzia.

Jioni walirudi kwa baiskeli, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa njia ya nyumbani ni moja.