Mwizi wa Plau ya Malimi

Mvua za kwanza zilipoanguka kijijini Msanzi, Malimi alitoka nje asubuhi akakuta plau yake haipo. Alichukua fimbo akafuata mburuzo kwenye tope, na hakufika mbali. Mwizi alikuwa kazini. Romani, mwana wa mama Cornelia, alikuwa analima shamba la mama yake kwa plau ya wizi na ng'ombe wa kuazima, huku akipiga mluzi.

"Shikamoo, mzee Malimi," alisema, akasimamisha ng'ombe.

"Marahaba. Hiyo plau umeitoa wapi?"

"Kwako."

Malimi, Msukuma aliyehamia Ufipa na mifugo yake, alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Badala yake akapiga yowe la mwizi. Majirani wakafika na fimbo zao, Romani akachapwa kadhaa, kisha akapelekwa polisi.

Mahakamani Sumbawanga alikiri mara moja.

"Nilimwomba aniazime, mheshimiwa, akakataa. Ningeirudisha jioni."

Watu wakacheka. Hakimu Fortunata, mama mwenye sauti ya chini, aliwatazama mpaka wakanyamaza, kisha akamgeukia Malimi.

"Wewe mlalamikaji, unataka nini?"

"Afungwe, mheshimiwa. Afungwe mpaka aote mvi!"

"Na mama yake atalimiwa na nani?"

"Hilo si langu."

"Basi litakuwa la kijiji kizima," hakimu alisema. "Nimefunga vijana wengi, mzee wangu. Wanarudi wamekonda, na wamefundishwa wizi ambao hawakuujua. Sasa tuna sheria mpya ya huduma kwa jamii. Huyu atakuwa akilala kwake, na asubuhi atakitumikia kijiji bila malipo mpaka msimu uishe. Akikwepa, nitamfunga."

Malimi alirudi nyumbani amenuna. Mwizi anatembea barabarani! Akaapa kumlinda mwenyewe, asije akategea hata siku moja.

Kwa hiyo Romani alipoanza kuchimba shimo la choo cha zahanati, Malimi alikuwa amekaa juu ya kigoda pembeni.

"Shimo limepinda."

"Halijapinda, mzee."

"Limepinda! Kwani mimi kipofu?"

"Basi shuka unioneshe."

Malimi alivua koti akashuka. Mchana wauguzi waliwakuta wote wawili wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi, wanabishana.

Kazi iliyofuata ilikuwa shamba la shule, ambalo mahindi yake ndiyo uji wa watoto. Mwalimu mkuu, Bi Hilaria, alikuwa na mbegu lakini hakuwa na plau. Malimi alimnyooshea Romani kidole.

"Nitaileta yangu, na ng'ombe wangu," alisema. "Lakini ataishika mbele ya macho yangu."

Romani alishika mikono ya plau akawaamuru ng'ombe kwa Kifipa. Ng'ombe hawakujongea. Akapaza sauti. Mmoja aligeuza shingo akamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Malimi alicheka mpaka akachuchumaa.

"Hao ni Wasukuma, bwana! Hawakuelewi!"

Akamfundisha maneno yao, moja baada ya jingine, na Romani aliyatamka vibaya kiasi kwamba watoto wa shule waliacha hesabu wakajaa madirishani. Lakini ng'ombe walikwenda, na matuta yalinyooka. Malimi alitembea nyuma akitafuta kosa, hakuliona, akakasirika kidogo.

Msimu ukaisha, adhabu ikaisha. Romani akaendelea kupita kwa Malimi asubuhi, na safari hii aliomba plau mlangoni, kwa ajili ya maharage ya mwisho wa mvua. Alipewa.

Wakati wa mavuno, siku ya mnada, vijana walimkamata mtu aliyekwapua mfuko wa dagaa wa mchuuzi kutoka Kirando. Walimwangusha chini, na mmoja akaanza kuitisha tairi la kumchomea. Malimi aliwasukuma kwa viwiko akasimama juu ya yule mtu.

"Mpelekeni kituoni."

"Mzee, hata wewe uliibiwa!"

"Niliibiwa, ndiyo. Na mwizi wangu ndiye aliyechimba choo mnachokimbilia mkiharisha. Mngemchoma, mngekimbilia wapi?"

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele, na fimbo zikashuka moja moja. Romani akamwinua yule mtu, akampangusa vumbi. Watatu hao wakashika njia ya kituoni, Malimi upande huu, Romani upande ule, na katikati mwizi wa dagaa, anatafuna hindi la kuchoma alilopewa na yule mchuuzi aliyemwibia.