Jicho la Miguu Mitatu

Kristofa wa Kwemshinda aliishi miaka tisini na mmoja, na katika miaka yote hiyo alipoteza kofia mara mbili tu, mara zote mbili kwa furaha. Ya kwanza aliirusha juu Lushoto mjini siku ya Uhuru, upepo ukaichukua, wala hakuitafuta. Nchi imepatikana, kofia ya nini? Ya pili ndiyo yenye kisa, na kisa chenyewe ni cha maji.

Mwaka wa sabini na nne Kristofa alikuwa mhandisi wa maji, mkulima wa kabichi na viazi, baba wa watoto sita, na Mkatoliki wa kupindukia. Kengele ya kigango, kanisa dogo la kijiji, ikilia saa sita mchana, alipiga magoti palepale ilipomkuta, awe shambani, awe njiani, akasali Malaika wa Bwana mpaka mwisho. Watu walikuwa wamemzoea. Hata mbuzi walikuwa wamemzoea, walimzunguka wakaendelea na safari zao.

Wakati huo nchi nzima watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Kwemshinda, kule juu mgongoni mwa mlima, mbele ya Lukozi, nyumba zilikaribiana vya kutosha na shule ilikuwepo. Kilichokosekana ni maji. Ofisa wa wilaya alikuja, akawatazama akina mama wakipanda kutoka mtoni na madebe kichwani, akasema bila kupepesa macho kwamba kijiji kisicho na maji hakitaandikishwa. Ama maji yafike mgongoni kufikia Jumatatu ya mwisho ya Septemba, ama wote wateremke tambarare, kwenye joto na mbu, wayaache makaburi ya baba zao na matuta waliyoyalima tangu enzi na enzi.

Kristofa akasimama mkutanoni.

"Maji yatakuja," alisema. "Chemchemi ya msituni iko juu kuliko sisi. Kwa kidogo tu, lakini iko juu. Nitapima, nitawaonyesha pa kuchimba."

Alikuwa na kipimo chake cha kazini, darubini ndogo inayokaa juu ya miguu mitatu, na watu waliiita Jicho. Alipima kwa Jicho hilo wiki nzima, huku akiandika namba katika daftari na kupigilia vigingi ubavuni mwa mlima. Kisha wilaya ikatoa mabomba meusi ya plastiki, na kijiji kikatoa mikono. Nani angebaki nyumbani? Ulikuwa msaragambo, kazi ya wote kwa wote. Ijumaa Waislamu walikwenda msikitini, Wakristo wakachimba. Jumapili Wakristo walikwenda kanisani, na Waislamu, wakiongozwa na Mussa, wakachimba. Mtaro haukulala hata siku moja. Akina mama waliimba, wazee walibishana juu ya kila jiwe, na bomba likatambaa kutoka msituni likipita kigongo kimoja baada ya kingine mpaka mahali pa kuchotea, mbele ya shule.

Mussa na Kristofa walichunga mbuzi pamoja utotoni. Walitaniana kila walipokutana.

"Kristofa, maji yakija yatakuwa ya Kikatoliki au na sisi tutakunywa?"

"Mtakunywa, ila mtabatizwa kwanza!"

Basi Jumamosi, siku mbili kabla ya ofisa kurudi, maji yakafunguliwa kule msituni. Kijiji kizima kilijazana mbele ya shule, ndoo zimepangwa mstari kama watoto wa gwaride. Wakangoja. Bomba likakohoa mara moja, likatoa pumzi ya vumbi, likanyamaza. Wakangoja tena mpaka jua likainama. Hakuna hata tone.

Kristofa alikimbia kulifuata bomba, akiligonga na kusikiliza. Mpaka kigongo cha tatu lilikuwa limejaa maji. Ng'ambo ya kigongo lilikuwa tupu. Hofu ilimshika, na hofu ya mtu mwenye elimu ina ubaya wake: haikosi wa kumtupia lawama.

"Nani alichimba hapa?" aliwauliza waliomfuata.

"Sisi," alisema Mussa. "Jumapili ile."

"Mlichimba kwa macho! Nimeacha vigingi, nimeacha vipimo, nanyi kwa kuwa sipo mkachimba mnavyotaka! Mmetumaliza, Mussa. Mmekiua kijiji."

Mussa alitia jembe begani. Akateremka, na watu wake wote wakamfuata, mmoja mmoja. Kristofa alibaki kigongoni na Jicho lake.

Nyumbani hakugusa chakula. Mkewe, Efrazia, alimsikiliza akilaumu, akihesabu, akilaumu tena. Mwishowe ulifika wakati wa rozari. Kristofa akasimama, akakisogeza kigoda pembeni apate nafasi ya magoti, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka kumi na minane. Efrazia alikitazama kile kigoda.

"Baba Marta," alisema, "kengele ya saa sita ikikukuta unapima, lile Jicho unaliweka wapi?"

"Nalisogeza tu nipate pa kupiga mago..."

Neno halikuisha. Alilirukia daftari, akapekua kurasa. Ilikuwa desturi yake kuchora msalaba mdogo pale kengele ilipomkuta. Na pale kwenye kigongo cha tatu, katikati ya namba, msalaba ulikuwepo. Alikumbuka sasa: njia ilikuwa nyembamba, akaliinua Jicho akaliweka ukingoni juu ya njia, akasali vizuri sana, akainuka na roho nyepesi, akaendelea kupima kutoka kulekule ukingoni kana kwamba Jicho halikuhama. Alikuwa amelipandisha futi tatu. Vigingi vyote vya kigongo vilikaa juu kuliko alivyoandika, juu kuliko chemchemi yenyewe. Akina Mussa walichimba sawasawa. Walifuata vigingi vyake vya uongo mpaka inchi ya mwisho.

Kristofa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kesho Jumapili," alisema kwa sauti ndogo. "Keshokutwa ofisa anakuja."

"Basi kesho uamke mapema," alisema Efrazia. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini hachutami ndani kwake. Nenda kachutame kwa Mussa."

Alfajiri, Waislamu walipotoka msikitini, walimkuta mhandisi amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Asalaam aleikum," alisema. "Mussa, jana nilikuvunjia heshima mbele za watu, kwa hiyo nasema mbele za watu. Kosa ni langu. Nilihamisha Jicho wakati wa sala nikasahau. Mlichimba sawa, mimi ndiye niliyepima vibaya. Nisameheni."

Mzee Shabani, aliyewasalisha, alikohoa. Mussa alikunja uso, akamtazama Kristofa juu mpaka chini, kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Yaani mtu kasali hadi kijiji kikakosa maji?"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwaamsha majogoo waliochelewa. Kristofa naye alicheka, machozi yakimtoka, na hakujua ni ya kicheko au ya nini.

"Kina kiasi gani?" aliuliza Mussa.

"Futi tatu kwenda chini, urefu hatua themanini."

"Nenda kasali misa yako. Jumapili ni zamu yetu."

Lakini misa ilipokwisha, hakuna Mkristo aliyekwenda nyumbani. Wakatoliki walipanda kigongoni na nguo zao za kanisani, Walutheri wakaja na mwinjilisti wao Sefania, kila mtu na jembe. Udongo uliruka! Mtu akichoka, wawili waliugombania mpini wake. Kristofa, ambaye maishani hakufanya kazi Jumapili, alijiambia kwamba kutazama si kazi, akasimamisha Jicho katikati ya njia.

Kengele ikalia saa sita. Kwa mazoea Kristofa akanyoosha mkono alisogeze Jicho.

"Weee!" Mussa aliruka kutoka mtaroni, akaikumbatia ile miguu mitatu kwa mikono yake ya matope. "Usiguse! Pigia magoti hukohuko majanini. Sali, Kristofa. Nimeshika mimi."

Akasali. Majembe yakanyamaza mpaka aliposema amina.

Jumatatu ofisa alikuta ndoo zimepangwa tena. Alikuwa ameshafungua faili lake na kuanza kusema kwamba serikali inasikitika, ndipo bomba likakohoa. Likatema tope. Likatema hewa. Kisha maji yakaruka, meupe, baridi ya msituni, yakamlowesha ofisa na faili lake pamoja. "Mazi! Mazi!" kijiji kililia kwa Kishambaa, akina mama wakapiga vigelegele, Efrazia akaingia chini ya maji na kitenge chake kizuri, na Kristofa akarusha kofia juu kwa nguvu zake zote. Hadi leo haijulikani iliangukia wapi. Kwemshinda ikaandikishwa palepale ilipo.

Kristofa aliendelea kuishi. Alijenga mifereji mingine, alilima, alisomesha wote sita, alimzika Efrazia, aliona vitukuu. Na kila alipopima mahali na Mussa yupo, kengele ikilia, Mussa alikuja bila kuitwa akashika ile miguu.

Siku tulipomzika, makaburi yalikuwa palepale juu ya shule, ambako baba zake walilala. Wajukuu walitaka kumwondoa Mussa kwenye kamba za kuteremshia jeneza, maana naye alikuwa na miaka tisini, mikono ikitetemeka. Alikataa katakata. Alijizungushia ncha ya kamba kiganjani, akaegemea nyuma pamoja na vijana. Padre alipoanza sala, kengele ya saa sita ikalia kutoka kigangoni, na jeneza lilikuwa limefika nusu. Vijana wakatazamana, hawajui waendelee au wangoje. Mussa akaikaza kamba, jeneza likatulia.

"Sali, Kristofa," alisema. "Nimeshika mimi."